Kipande cha Godoro la Mama

Kompyuta ilinyamaza mno. Kisa chetu kinaanzia hapo, na mtu akikwambia kilianzia kwingine, mwambie hakuwapo. Redio alibonyeza kitufe, taa ndogo ya kijani ikawaka, kioo kikaleta picha, lakini sanduku lenyewe, lile lililokuwa likinguruma tangu linunuliwe, halikutoa hata mlio. Aliinama, akabandika sikio ubavuni mwake. Kimya. Akapeleka kiganja nyuma kwenye matundu ya hewa, akahisi pumzi ya uvuguvugu ikimgusa vidole: inatoka, inarudi ndani, inatoka tena.

Sasa, feni ya kompyuta hupuliza upande mmoja tu. Haivuti na kutoa kama kifua cha mtu. Redio alilijua hilo, lakini furaha ilikuwa imemlewesha. Akapiga makofi peke yake sebuleni na kusema, "Nimekuweza, mshenzi wewe!"

Redio halikuwa jina lake, ni utani wa mtaa ulioshika. Alikuwa na sauti nzito, tamu, ya kukufanya ukiombwa chumvi utoe na sufuria. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, kwa ajili ya watu wapendao kusikiliza kuliko kusoma. Alirekodi hapo hapo nyumbani, mchana, watoto wakiwa shule na mkewe akiwa sokoni. Maiki na kompyuta vilikuwa juu ya meza moja, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Dada wa kampuni aliyepokea kazi zake alikuwa akimrudishia kila mara.

"Kaka Redio, sauti yako asali. Lakini nyuma kuna trekta."

Basi akapambana na trekta. Alifungua sanduku akalipiga brashi, na vumbi lililotoka lilitaka kumuua kwa kikohozi. Akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa feni. Akakata vipande vya mpira wa baiskeli, akaviweka chini ya skrubu za diski ili isitikisike. Akaliteremsha sanduku kutoka mezani na kulikalisha chini yake, juu ya blanketi lililokunjwa, maana meza nayo ilikuwa inaitikia kama ngoma. Trekta likawa pikipiki, lakini pikipiki nayo ni kelele. Mwisho akampigia simu fundi.

"Mabati ya sanduku ndiyo yanayotetema," fundi akamwambia. "Yavalishe sponji kwa ndani, uache matundu ya hewa wazi. Sponji ngumu, siyo ile ya kuoshea vyombo."

Siku hiyo hiyo dada wa kampuni alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba kazi ikifika jioni na kelele tena, watamtafuta msomaji mwingine. Duka la magodoro lilikuwa limefungwa. Mkewe alikuwa amempeleka mama yake Redio kliniki. Redio akazunguka nyumba nzima akitafuta sponji, akafunua mito ya makochi akakuta pamba iliyochoka, na mwishowe akasimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, akilitazama godoro.

Mama yake alikuwa amepata kiharusi. Miguu haikumbeba tena, na mkono mmoja ulikuwa umelala. Kichwa kilikuwa timamu kuliko cha mtu yeyote humo ndani. Alikuja kuishi kwao na sanduku la nguo na godoro lake mwenyewe, sponji ngumu ya zamani isiyobonyea.

"Mama mfupi," Redio akajisemea. "Miguu yake haifiki kule mwisho."

Akaleta kisu cha mkate. Akavua shuka, akafungua zipu ya kava, akakata upande wa miguuni. Pengo lililobaki akalijaza magazeti yaliyofinyangwa, akafunga zipu, akatandika shuka na kuivuta pembe mpaka ikakaa kama kitanda cha hoteli. Kesho nitamnunulia jipya, aliwaza, na neno hilo likamtuliza kabisa.

Walipotoka kliniki yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mama mikononi kumpeleka kitandani, kama kawaida yake. Alikuwa akisifiwa kwa hilo. Jirani yao, mwanamke fundi cherehani mwenye mdomo wa kusikika mtaa wa pili, alikuwa akiwaambia wanawe kila siku, "Mtazameni Redio anavyomlea mama yake, na nyinyi mjifunze!" Sifa hiyo Redio aliipenda. Aliivaa kila alipotoka nje ya mlango.

Alipomlaza, magazeti yalilia chini ya visigino: kwaru. Mama akatulia. Akamtazama mwanawe.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, mwanangu."

Redio akakosa pa kuweka macho. Akajidai kurekebisha pazia, akatoka.

Kesho ikafika, na hakununua godoro. Siyo kwamba alikosa uwezo, la. Alisimama dukani kabisa, akalibonyeza moja kwa kidole, kisha likamjia swali ambalo mkewe angeuliza: la zamani lina nini? Angejibu nini? Akarudi nyumbani mikono mitupu, na kila siku iliyofuata swali hilo likawa gumu zaidi.

Kazi ya kwanza baada ya ukimya ilisifiwa. Ya pili dada wa kampuni alipiga simu.

"Kaka, trekta limekufa, hongera. Lakini nani anakunja magazeti nyuma yako?"

Redio alicheka, kicheko kikavu. Alipokata simu alivaa hedifoni akasikiliza. Sauti yake ilikuwa inasoma vizuri, na kila alipotulia mwisho wa sentensi ilisikika nyuma, taratibu, kwaru, kwaru, kisigino kikitafuta pa kupumzika. Lakini miguu ya mama haikuwa na uwezo wa kusogea. Na chumba chake kilikuwa kule nyuma, milango miwili katikati.

Kisha ikaja harufu. Kompyuta ikishapata moto, sebule ilianza kunuka dawa ya kuchua, jasho la shuka na joto la mtu aliyelala mchana kutwa.

"Baba watoto," mkewe akauliza, "mbona huku kunanuka chumba cha mama?"

"Ni hewa tu. Fungua dirisha."

"Halafu visigino vyake vimechubuka. Kimoja kimeanza kidonda. Sielewi, namgeuza kila mara."

"Ni ugonjwa huo," Redio akasema, tena kwa ile sauti yake tamu. Mkewe akaamini. Hapo ndipo alipotakiwa kusema, ndugu yangu, hapo hasa. Sentensi moja tu, kidonda kingepona na haya yote yasingetokea. Lakini aibu ikishakaa kooni haitemeki kirahisi. Akainama kufunga kamba za viatu alivyokuwa karibu kuvivua.

Mchana mmoja alikuwa amemaliza kurekodi na anasikiliza kazi yake, mkono kwenye shavu, aliposikia kwamba nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wawili wakinong'ona. Akaongeza sauti. Mmoja alikuwa bibi kizee, na Redio alimtambua kabla hajamaliza neno la kwanza.

"Usiseme," mama yake alikuwa akisihi. "Nakuomba. Usimwaibishe mwanangu."

Wa pili hakuwa na midomo. Ilikuwa ni hewa inayopita kwenye ufa na kujipanga ikawa maneno.

"Nianze kumwambia nani? Mkewe? Au yule mshonaji?"

"Usimwambie mtu. Chukua miguu yangu, si unaipenda? Kaa nayo. Mwache yeye."

Redio alivua hedifoni, akaenda mbio chumba cha mama, akafungua mlango polepole, na pale alipomwona mama yake amelala chali macho yamefumba, midomo inacheza bila kutoa sauti yoyote, alielewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba ndani ya nyumba yake kulikuwa na kitu, na kwamba mama yake alijua. Alijua tangu magazeti yalipolia. Alikuwa amelala juu ya jambo hilo siku zote hizo, akimjibu "niko sawa", na usiku na mchana anamlilia jini amfichie siri mtoto wake mzima mwenye ndevu.

Alitamani ardhi ipasuke. Alisimama pale mlangoni, akapanua mdomo kumwita. Kisha akaufunga mlango taratibu, akarudi sebuleni.

Siku iliyofuata umeme ulikatika katikati ya kazi. Kioo kikazima, taa ya kijani ikazima, friji ya jikoni ikashusha pumzi na kunyamaza, na katika ukimya huo Redio akasikia sanduku la chini ya meza bado linapumua, likivuta na kutoa, na akainama akachomoa waya ukutani, akachomoa na ule wa nyuma ya sanduku, akabaki ameushika mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka, na sanduku likaendelea kupumua, harufu ya dawa ya kuchua ikapanda mpaka macho yakamchoma, na ndani kabisa ya yale mabati mtu akasafisha koo, kama anavyosafisha yeye kabla ya kuanza kusoma, kisha ikatoka sauti nzito, tamu, yenye kituo mahali pake, sauti yake mwenyewe, ikasema: "Wasikilizaji wapenzi, leo tunasoma habari za mtoto mwema."

"Hapana," Redio akanong'ona. "Hapana, tafadhali."

"Alileta kisu cha mkate," sauti ikasoma. "Akavua shuka ya mama yake."

"Hodi!" Mlango ukasukumwa, akaingia jirani mshonaji na suruali ya shule iliyotiwa zipu mpya. Akamkuta Redio amepiga magoti mbele ya kompyuta. "Kumbe unasikiliza kazi yako! Usisimame, endelea tu. Mimi hadithi zako nazipenda."

Akaketi. Redio alikuwa ameusukuma waya chini ya blanketi kwa goti.

"Akakata sponji upande wa miguu," sauti ikaendelea kwa upole, "upande wa mgonjwa asiyeweza kugeuka, akaweka magazeti. Mama aliporudi, mtoto akamuuliza: mama, uko sawa?"

"Hee!" jirani akasonya. "Huyo ni mtoto au ni mnyama? Mama mgonjwa jamani! Ningekuwa mimi ningemtemea mate hadharani. Ona hata wewe unatoka machozi. Ndiyo maana nawaambia wanangu, watu kama Redio hawazaliwi tena." Akamgeukia. "Anaitwa nani huyo mshenzi?"

Redio akausukuma waya ndani zaidi.

"Jina lake," sauti ikasema, "tutalisikia kesho."

Jirani alipoondoka, Redio alishika bisibisi, akafungua ubavu wa sanduku. Sponji ilikuwa imenata kwenye mabati. Aliigusa, ilikuwa na joto na unyevu, laini, na ilipoguswa ilijikunyata. Akafumba macho, akaishika pembe, akavuta kwa nguvu.

Kutoka chumba cha nyuma mama yake alipiga ukelele ambao hakuwahi kuusikia hata siku ya kiharusi.

Mkewe aliyekuwa anaingia na kapu alilitupa chini, akakimbilia kule. Alirudi amekuwa mweupe midomo. "Ngozi ya kisigino," akasema kwa sauti ya chini sana, "imetoka yenyewe. Nimeiona inatoka. Baba watoto, kuna nini humu ndani?"

"Kompyuta," Redio akanong'ona. "Ina kitu."

"Kimeingiaje?"

"Sijui."

Mkewe hakungoja. Alitoka akarudi na Mama Dobi, mwanamke mnene aliyefua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, na ambaye watu walimwita kwa shughuli kama hizi vilevile, ingawa yeye mwenyewe hakupenda kutangazwa. Alikuja na kanga mabegani na mikono inanuka sabuni. Jirani mshonaji naye akaingia nyuma yake bila kualikwa. Nani angemzuia?

"Kiti," Mama Dobi akasema. "Nimesimama tangu asubuhi. Halafu mleteni mgonjwa hapa. Wote wa nyumba hii wakae nimwone kila mmoja."

Redio akambeba mama yake, akamkalisha kwenye kochi na mto chini ya miguu. Mama alikuwa mwepesi. Alimwekea mwanawe mkono ule mzima shingoni mpaka alipofika chini.

Mama Dobi aliinamia sanduku lililofunguliwa, akanusa. Midomo yake ikasoma kitu bila sauti. Aliponyanyuka hakuwa na mzaha tena.

"Mimi sina makafara, wala sitaki kuku wa mtu," akasema. "Huyu ni wa kitandani. Hukaa miguuni pa mgonjwa wa muda mrefu, hana neno na mtu. Lakini amekatwa akaletwa huku, na kukatwa kwenyewe kumefichwa. Sasa anaishi ndani ya hilo linalofichwa, na linamnenepesha. Likisemwa na mwenye kulitenda, hana pa kukaa, ataondoka. Nitauliza mara moja tu. Ajibu aliyetenda. Akijibu asiyetenda, jini atamhamia yeye, kwa sababu amemkaribisha kwa uongo, na hapo mimi sina dawa. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," mkewe akasema.

Sanduku likavuta pumzi, likaibana.

"Sponji hii imetoka wapi?"

Redio alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, mafupi, hayafiki hata mstari mmoja wa kitabu. Akamwona mkewe amemkazia macho ya kumwamini. Akamwona jirani amemwelekea kwa ule uso wa kumsifu, uso ambao dakika moja mbele ungegeuka, naye angeujua mgeuko wake mpaka anaingia kaburini. Nitasema, akawaza, ngoja kwanza nivute pumzi.

"Nilimpa mimi," mama yake akasema.

"Mama," Redio akanong'ona.

"Nilimwambia akate. Miguu yangu haifiki kule, na yeye ana kazi." Alisema kwa sauti ya kutosha, kwa kituo, akimtazama Mama Dobi machoni bila kupepesa. "Hana kosa mwanangu."

"Jamani, mama ni mama!" jirani akalia, akajifuta na ile kanga ya Mama Dobi.

Mama Dobi akamgeukia Redio. Hakuuliza, kwa kuwa alishasema atauliza mara moja. Alimtazama tu, na akampa muda, muda mrefu, wa mtu kusema sentensi ile mara kumi. Kichwa cha Redio kikainama, na waliokuwamo wakadhani ni heshima.

Sanduku likashusha pumzi. Sponji ikabanduka, ikaanguka kwenye blanketi, kavu, nyepesi, kipande cha godoro tu. Harufu ikatoweka. Mkewe akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, jirani akamkumbatia, lakini Mama Dobi alikuwa ameshavuta kanga yake na kusimama. Alipoletewa maji alikataa.

"Mmeshajibu," akasema, akaondoka.

Asubuhi Redio alifika duka la magodoro kabla halijafunguliwa. Alichagua la bei kubwa kuliko yote, akalibeba kichwani mtaa mzima, na watu wakawa wanamwamkia kwa heshima kuliko siku zote, wanamwambia Mungu amzidishie, naye anapita amejificha chini ya godoro asionekane uso. Alikuwa ameamua. Atamwambia mkewe, na jirani, na kila atakayesikiliza. Lakini kwanza mama.

Alifika mlangoni mwa chumba mkewe akiwa ameinama kitandani na kikombe. Jirani naye alikuwapo, amekuja kumjulia mgonjwa hali.

"Mama, chai yako hii. Hujasema neno tangu jana. Umeamkaje?"

Mdomo wa mama ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, tamu, yenye kituo mahali pake.

"Wasikilizaji wapenzi, tumeamka salama."

Kikombe kilivunjika sakafuni. Mkewe aligeuka kumtafuta mumewe, akamwona mlangoni, midomo imefungwa, godoro kichwani.

Redio akaliachia godoro likaanguka. Alipita juu ya chai na vigae, akapiga magoti, akasema kwa nguvu ili asikike mpaka nje, "Mama, nilikata mimi! Hukunipa! Nilikata kwa kisu cha mkate ukiwa kliniki, nikakuwekea magazeti, nikakuona unaumia nikanyamaza! Mke wangu, ni mimi! Jirani, yule mshenzi uliyemsikia ni mimi! Mama, nisamehe! Mtoke! Mtoke mama yangu, nimeshasema!"

Jirani aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mkewe alirudi nyuma mpaka ukutani, akimtazama kama mtu asiyemjua. Macho ya mama yalijaa machozi, macho yake mwenyewe, yaleyale, yakamtazama mwanawe na kumwelewa. Lakini mdomo ulicheka, kicheko kizuri cha studio.

"Nani amekuuliza sasa?" mdomo ukasema kwa sauti ya Redio.

Akalaza kichwa kwenye shuka akilia. Mkono mzima wa mama ukapapasa, ukapita begani, ukakipata kichwa chake, ukaanza kumpapasa nywele taratibu kama zamani akiwa na homa, na ukaendelea hivyo hivyo kumbembeleza huku mdomo unacheka.